Koti la Ijumaa

Kila Ijumaa asubuhi Bwana Penner alipita kati ya meza akikagua makoti. Katika ofisi yake ya bima ya mazao mjini Winnipeg, Kanada, koti likiwa kitini maana yake mwenyewe yupo, labda chooni, labda anachemsha kahawa. Kiti kitupu maana yake mvivu. Ndivyo alivyofunzwa ujanani, na hakuona sababu ya kubadili.

Larysa Hnatiuk, msichana wa kushughulikia madai ya fidia, alimaliza kazi za wiki nzima kila Alhamisi jioni. Mwezi Novemba aliomba Ijumaa iwe yake. Baba yake, mzee Orest, alikuwa anasahau watu, na kumbukumbu ilimrudia Ijumaa asubuhi tu.

“Kazi imeisha, bosi. Nikae hapa nikodolee macho ukuta?”

“Sisi tulipiga kazi siku sita, na tuko hai. Nyinyi vijana mkiona kiti mnaona miiba.”

“Mko hai, sawa. Wanao wanakujua?”

Bwana Penner alicheka, akakataa. Basi Ijumaa Larysa alitundika koti lake la buluu kitini na kupanda basi kwenda kwa baba yake akiwa na sweta tu, katika baridi ya kugandisha kope.

Ijumaa ya tatu simu ililia mezani kwake, na koti likaipokea. Halikuwa na sauti, lakini lilisikiliza vizuri. Mkulima aliyeharibiwa shamba na mvua ya mawe alisema hajawahi kusikilizwa hivyo. Jasdeep, wa meza ya jirani, alikunja miguu koti lipite kwenda kuchapisha hati.

“Dada, koti lako linachapa kazi kuliko wewe,” alimwambia Jumatatu.

“Acha lichape. Mimi nilikuwa nakunja pyrohy, sambusa za kwetu za viazi, na mzee. Kanitaja jina mara mbili!”

Kufikia Januari vijana wote waliacha makoti yao. Ijumaa makoti yalijibu barua, yakafanya kikao, yakazima taa. Madai hayakurundikana tena, na vijana walitembea vifua mbele, maana kila mtu alijionea kwamba siku nne zinatosha.

Bwana Penner alijionea lingine. Februari alilipandisha cheo koti la buluu, likawa msimamizi.

“Halichelewi, haliumwi, haliombi,” alimwambia Larysa. “Ukitaka Ijumaa, liombe lenyewe.”

Larysa aliliomba. Koti lilitikisa kola kulia na kushoto. Iliuma, kwa kuwa alilinunua mwenyewe na kukishona kifungo chake cha tatu kwa mkono wake.

Alhamisi iliyofuata alikuja na koti kuukuu la baba yake, la kahawia, lililompwaya mabegani. Jioni akalivaa.

“Hilo huliachi?” Jasdeep aliuliza.

“Hili naondoka nalo. Mtu aje aniulize kazi ipi haijaisha.”

Mlangoni msimamizi alinyoosha mkono kumzuia. Larysa aliona kifungo cha tatu kimefunguka, akakifunga.

“Tutaonana Jumatatu, bosi,” alisema, akapita.

Ijumaa asubuhi mzee Orest alifungua mlango, akalitazama koti kwanza.

“Koti langu hilo.” Kisha akainua macho. “Na wewe Larysa. Ingia, binti yangu, utaganda.”

Ofisini, saa hiyohiyo, koti la buluu lilikuwa linapita kati ya meza likikagua viti. Lilifika kwenye kiti cha Larysa, likakikuta kitupu, likamwandika mvivu.