Foleni ya Ijumaa kwa Abu Faraji

Mji mzima wa Ramla ulimjua Makhlufu mchomeleaji kwa mambo mawili: vyuma vyake havivunjiki, na ngumi yake huvunja. Majira ya baridi yaliyopita alimvunja mtu taya kwa sababu ya nafasi ya kuegesha gari. Jamaa alikuwa amemsimamisha mkewe katikati ya nafasi, mikono kiunoni, amlindie mpaka yeye azunguke na gari lake afike. Makhlufu akauliza tangu lini mke akaota magurudumu. Neno likazaa neno, neno likazaa taya. Hakimu akampa miezi minane jela, kisha akaitundika hewani: kaa nje, mzee, lakini siku mkono wako utakapomgusa mtu tena, unaingia ndani na miezi yako yote.

Basi Ijumaa hiyo zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya arusi. Jumatatu jioni Ortali, binti yake wa pekee, angesimama chini ya kitambaa cha ndoa, kama ilivyo desturi ya Wayahudi. Mama yake, Alegra, alifariki mtoto akiwa hajabadilisha meno. Makhlufu ndiye aliyemsuka nywele kwa vidole vilivyoungua cheche, akamfundisha kupika, kuogelea na, Mungu amsamehe, kutukana kwa Kimoroko. Hakukuwa na mjomba wala kaka wa kumshika binti yule mkono na kumpeleka kwa bwana arusi. Ni yeye au hakuna mtu. Usiku alikuwa akiota hatua zile chache tu, yeye na Ortali, watu wakipiga vigelegele, na anaamka shuka limelowa jasho.

"Baba," Ortali alimwambia asubuhi, "leo tunakula na mama yake Itamari. Mtu akikupanda kichwani, mwache akae."

"Nitamwekea na mto," Makhlufu akajibu.

Mama yake Itamari, yule bwana arusi, aliitwa Bilha, mwalimu wa piano kutoka Rehovoti, mama mwembamba ambaye hata akiomba chumvi huomba kwa kunong'ona. Yeye mwenyewe alitaka kula pale anapokula baba wa bibi arusi. Na Makhlufu hula wapi Ijumaa, kama si mkahawani kwa Abu Faraji? Abu Faraji hupika sufuria moja ya dengu usiku kucha, alfajiri anaziponda ziwe humusi, rojo la kuchovya mkate, na zikiisha zimeisha. Hapiki nyingine. Anapindua viti juu ya meza anakwenda zake kulala, hata kama mlangoni amesimama waziri na walinzi wake.

Ortali alitangulia kushika foleni. Ndivyo mambo yanavyokwenda huku: mmoja anasimama, ukoo mzima unakula. Kuna na njia ya pili. Unafika, unapiga kelele "Nani wa mwisho?", unamwambia huyo wa mwisho "Mimi niko nyuma yako," halafu unakwenda kununua samaki, kunyoa ndevu, kugombana na fundi wako wa bomba, na nafasi yako inakungoja. Zote mbili ni sheria. Hazijaandikwa popote, na watu wanazishika kuliko Amri Kumi. Balaa huwa siku sheria hizo zinapokutana mlango mmoja.

Makhlufu alifika kwa gari na majaribu yakaanzia hapo hapo. Alikuwa amewasha taa ya kukata kona, anarudi nyuma polepole aingie, kijana mmoja akachomeka kigari chake kwa pua na kuziba nafasi. Zamani kijana yule angepewa mlango wa gari lake aende nao nyumbani. Makhlufu akashusha kioo, akatabasamu, meno yote nje.

"Karibu, mwanangu. Kaa kwa amani. Nisalimie mama."

Kijana akamtambua. Rangi ikamtoka. Akawasha gari akaondoka mbio, na nafasi ikabaki.

"Unaona?" Makhlufu alijisemea. "Upole nao unalipa." Akawa na furaha kweli kweli, masikini.

Kwenye foleni jua lilikuwa linachoma. Itamari alikuwa amesimama pembeni karibu na Makhlufu, amemshika mamaye mkono. Mama mmoja mwenye kikapu akawapita wote akisema, "Nina swali tu, nina swali tu!" Akaingia na swali lake, akatoka na mabakuli matatu. Watu wakamzomea. Makhlufu alitazama mbingu akasoma zaburi. Bilha alitabasamu, akasema kwa sauti yake ile ndogo kwamba pale pamechangamka.

Hatimaye Abu Faraji akatoa kichwa mlangoni, kitambaa begani. "Meza moja!" akanguruma. "Sufuria imebakiza meza moja! Wengine nendeni mkapikiwe na mama zenu!"

Wa kwanza mlangoni alikuwa Ortali. Akawapungia mkono wenzake. Hapo hapo, kutoka upande wa soko la samaki, likaja jitu la mtu limebeba mfuko unaovuja maji na mikate miwili ya Sabato kwapani. Shimshoni muuza samaki. Akapenya mpaka mbele kama mwenye nyumba.

"Samahani, dada. Mimi niko nyuma ya yule mzee."

"Mzee gani?"

"Yule." Akanyoosha kidole ndani, ambako babu mmoja alikuwa anafuta bakuli lake kwa kipande cha mwisho cha mkate.

"Huyo si amekwisha kula?"

"Basi ndiyo zamu yangu! Babu, nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia," babu akasema, mdomo umejaa. "Lakini wakati huo mimi nilikuwa bado na njaa."

Foleni ikalipuka. Kila mtu akawa hakimu. Wengine walisema neno ni neno, mtu akishasema niko nyuma yako hata akienda Marekani nafasi ni yake. Wengine walisema miguu ndiyo inayoshika foleni, si mdomo. Mmoja akasema wote wana haki, kwa hiyo aingie yeye.

"Wewe uko peke yako hapa," Shimshoni akamwambia Ortali. "Nimekuona tangu mbali."

"Tuko wanne."

"Na hao watatu wametoka wapi? Umewazaa sasa hivi?"

"Na wewe umetoka wapi? Unanuka kuliko huo mfuko!"

Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichoharibu. Shimshoni alimsukuma Itamari aliyekuwa anasogea kusema neno la amani. Bwana arusi mwenyewe ni mwembamba kama mamaye. Akapaa, akaangukia mlango, miwani ikaruka ikakanyagwa. Ortali akapiga ukelele. Damu ya Makhlufu ikachemka mpaka masikioni. Mkono wake wa kulia ukajikunja wenyewe, ukapanda, akaukamata kwa mkono wa kushoto na kuurudisha chini kama mtu anayemrudisha mbwa.

Akasimama katikati. "Ndugu yangu Shimshoni," akasema, "ingia wewe. Meza ni yako. Sisi tutakula kwingine."

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Hakuna aliyewahi kusikia maneno kama hayo pale Ramla, achilia mbali kutoka kinywa kile.

Shimshoni akakunja uso. "Unanidhihaki?"

"Wallahi, sikudhihaki."

"Makhlufu wa taya ananiambia *ingia wewe ndugu yangu*? Mbele za watu? Mimi ni mtoto wa kubembelezwa?"

Kofi likatua. Lilikuwa kofi la mtu anayeshinda akibeba masanduku ya barafu. Makhlufu aliona nyota mchana kweupe. Akaingiza mikono yote miwili mifukoni.

Watu waliokuwa nyuma walipanda viti waone vizuri. "Haya sasa! Ndiyo hapo!" Walimngoja. Walijua kitakachofuata, wengine walishaanza kumwonea huruma muuza samaki. Kofi la pili likaja, na la tatu, na Makhlufu mikono imo mifukoni.

"Mpige, Makhlufu! Una nini?"

"Simba amezeeka!"

"Simba gani? Paka huyo! Mpeni maziwa!"

Yale maneno yaliuma kuliko makofi, nisikufiche. Mwanaume wa miaka sitini, mbele ya mkwewe, mbele ya mji wake, anasimama apigwe kama ngoma. Alihisi aibu inamwunguza macho. Akamkumbuka Alegra, akameza damu na kukaza meno. Jumatatu, akajiambia. Jumatatu jioni.

"Baba, usimguse!" Ortali alikuwa analia. "Baba, usimguse!"

Kisha ikawa patashika. Mtu mmoja alijaribu kumshika Shimshoni, mwingine akamvuta yule mshikaji kwa kuwa alikuwa upande wa samaki, na wale waliokuwa wanabishana juu ya sheria ya foleni wakapata njia fupi ya kuimaliza hoja. Meza ya kwanza ikapinduka. Bakuli la achari likapita juu ya vichwa likapasukia ukutani, na matango yakanyesha. Babu aliyekuwa anafuta bakuli lake alimtwanga jirani yake kwa bakuli hilo hilo, sababu anaijua mwenyewe. Abu Faraji alikuwa juu ya kaunta akipiga sufuria kwa mwiko na kulaani kwa Kiarabu na Kiebrania, na hata lugha zote mbili hazikumtosha. Watu waliumana, waling'oana vifungo, walikanyaga zeituni wakaanguka na kuendelea kupigana pale chini.

Shimshoni alimsukuma Makhlufu ndani mpaka ukutani. Ngumi ya tumbo. Ngumi ya pua. Makhlufu akasikia mfupa ukilia ndani ya kichwa chake mwenyewe. Hakuitoa mikono mifukoni. Akaanguka. Na jitu lile, ambalo sasa lilikuwa limepandwa na wazimu kwa sababu kumpiga mtu asiyejibu kunatia hofu, likaanza kumpiga mateke ya mbavu.

"Inuka! Inuka upigane! Inuka, unanitia aibu!"

Kutoka sakafuni Makhlufu aliona miguu tu. Aliona viatu vya muuza samaki vikirudi nyuma na kuja. Aliona ndala za Ortali, zile nyeupe alizozinunua kwa ajili ya kupumzisha miguu wakati wa dansi ya arusi, zikikimbilia kwenye kaunta, kwenye kinu cha kupondea vitunguu saumu. Zikarudi. Akataka kupiga kelele, sauti haikutoka.

Kisha akasikia mlio mmoja mzito.

Shimshoni alianguka kando yake, uso kwa uso, macho wazi, sikio limepasuka na damu inachuruzika nyuma ya kichwa. Juu yao alisimama Ortali na mchi wa Abu Faraji mikononi, kifua kinapanda na kushuka. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Binti aliyemkataza baba yake asubuhi na mchana ndiye aliyepiga, na alipiga vile vile baba yake angepiga, kwa nguvu za kiuno.

Makhlufu hakukumbuka baadaye aliinukaje na mbavu zile. Alikuwa amesimama tu, na mchi ulikuwa umeshahamia mkononi mwake. Watu wote walikuwa wanagombana na watu wao. Waligeuka waliposikia sauti yake.

"Mimi!" akanguruma. "Nimempiga mimi!"

"Nilijua!" mmoja akashangilia. "Nilisema au sikusema?"

Abu Faraji akammwagia Shimshoni ndoo ya maji. Jitu likakohoa, likatapika, likauliza samaki wake wako wapi. Mungu mkubwa, alikuwa hai. Nje ving'ora vilikuwa vinakaribia.

"Baba," Ortali alinong'ona. "Ni mimi. Nitawaambia ni mimi."

Makhlufu akamvuta sikio, akamwambia kwa Kimoroko cha nyumbani: "Arusi bila baba ni arusi yenye huzuni. Arusi bila bibi arusi ni wali na kuku tu. Ukifungua mdomo nitakulaani, na unajua sijakulaani hata siku moja."

"Nani atanishika mkono?"

Makhlufu alimfuta chembe ya saumu shavuni kwa kidole, basi.

Polisi aliyeingia alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi na uchovu wa Ijumaa. Hakuhitaji hata kuuliza, mashahidi walimrukia kama nzi. Wale wale waliomwita Makhlufu paka sasa waliapa kwa watoto wao kwamba wameliona pigo: aliruka, aliuinua mchi juu kwa mikono miwili, alitukana kwanza. Hata babu wa bakuli alishuhudia, na yeye alikuwa chini ya meza. Polisi akamtazama Bilha, aliyekuwa amesimama karibu na kinu, gauni limejaa humusi.

"Na wewe, mama? Unaonekana mtu mwenye akili zake. Umeona nani kapiga?"

Bilha alikuwa ameona. Makhlufu alilijua hilo kwa kumtazama mara moja. Mama yule hakuwa ameondoa macho yake kwa Ortali tangu ndala zile zilipokimbia. Mwalimu wa piano, asiyewahi hata kupaza sauti, sembuse kumdanganya polisi.

Bilha alimshika Ortali kiwiko, akamvuta karibu naye. "Baba yake," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Nimemwona kwa macho yangu. Ni baba yake."

Makhlufu alitaka kumbusu mikono. Pingu zikafungwa. Polisi alizifunga bila ukali, akimtikisia kichwa kama mtu anayemfahamu kwa miaka mingi, maana alimfahamu.

"Na Sabato inaingia," akasema. "Hakimu utamwona wiki ijayo, na kwa faili lako mzee, hata usijisumbue kuomba dhamana. Nasikia una arusi?"

"Ya binti yangu."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu!" Polisi akashusha pumzi, na ilionekana amesikitika kikweli. "Makhlufu, Makhlufu. Mtoto wako wa pekee. Hukuweza kujizuia mpaka Jumatatu tu?"

Pua ilikuwa bado inamvuja, hakuwa na mkono wa kuifuta. Nyuma yake alimsikia Ortali akilia kifuani mwa Bilha.

"Sikuweza," akasema.