Faulo ya Pili kwa Kindali

Mama Rubeni alikuwa na baa moja pale Tunduma, meza moja ya pul na sharti moja: anayemtaka binti yake Jenista amfunge kwanza kaka mtu, Rubeni, mezani, ndipo atume mshenga. Wachumba watatu walikwisha kufungwa, mmoja wao dereva wa lori wa Nakonde aliyekuja na fimbo yake mwenyewe begini.

Wa nne alikuwa Jilala, mwendesha bodaboda, Msukuma wa kule Ivuna kwa wafugaji. Jumapili hiyo mchana alimpeleka Rubeni puta mpaka akabakiza mpira mweusi tu. Hapo akaharakisha. Akautumbukiza mweupe shimoni, faulo. Zamu iliyofuata akagonga mpira wa Rubeni kwanza, faulo tena.

Ukutani palikuwa na karatasi aliyoiandika Mama Rubeni mwenyewe: faulo tatu mfululizo, umefungwa, ya pili itatangazwa na mwenye meza, isipotangazwa, ya tatu haihesabiki. Na mama aliitangaza kweli, bila kuacha kupanga chupa zake. Ila aliitangaza kwa Kindali, lugha ya kwao Ileje.

Jilala alielewa kila neno. Kwa miezi minne Jenista alikuwa akimfundisha Kindali kwa siri, ili siku ya mahari amwamkie mama mkwe kwa lugha yake. Alielewa, akapiga. Mweupe ukapita katikati ya meza bila kugusa kitu.

"Tatu!" Rubeni akaruka. "Kapakie abiria, kaka!"

"Ngoja kwanza." Jilala aliutengeneza uso ukawa wa mtoto wa kipaimara. "Mimi tangazo sijalisikia. Nimemsikia mama akiongea, nikajua anaagiza soda. Mimi na Kindali wapi na wapi?"

Jenista akajifunika mdomo kwa khanga. Mama Rubeni akaisoma karatasi yake kuanzia juu hadi chini, kama vile imeandikwa na mtu mwingine.

"Kijana ana haki," alisema. "Kutangaza ni kazi yangu, na kumtangazia asiyeelewa ni sawa na kunyamaza. Hii ni ya pili. Rubeni, cheza."

Rubeni alicheza kwa hasira, akakosa. Jilala akainama. Mweusi ulikuwa mdomoni mwa shimo, wa kusukuma tu, na tayari alikuwa akiwaza mshenga atavaa nini.

Mama Rubeni akamgeukia binti yake, akamwambia taratibu, kwa Kindali, kwamba kuna mtu anaondoka na pikipiki ya mgeni.

Jilala alifika nje kabla mama hajamaliza, fimbo mkononi, akipiga kelele za mwizi. Pikipiki ilikuwa palepale, kuku amelala kivulini mwake. Ndani baa nzima ikaangua kicheko, naye akatamani ardhi immeze.

Alipogeuka, mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Faulo tatu," alitangaza kwa Kiswahili cha polepole, "asije mtu akasema hakuelewa. Umefungwa."

Jilala akaishusha fimbo. Alimtaka Jenista kuliko alivyoogopa aibu. Akaomba radhi kwa Kindali, akaeleza na miezi yote minne.

Mama Rubeni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unakitamka kama unaswaga ng'ombe," alisema. "Mshenga wako aje Jumapili ijayo. Ila awe mtu asiyejua Kindali. Mwongo mmoja anayenielewa ananitosha."