Kijiwe Kilichobaki Tumboni

Fundi cherehani hakuwa mwanamke wa kutishika ovyo, lakini uvimbe ule chini ya mbavu za kulia ulimtoa kijasho chembamba. Miezi minane nyuma alitolewa mfuko wa nyongo kupitia matundu manne madogo, akarudi kazini akijigamba kwamba hata makovu yake yameshonwa vizuri kuliko mashati ya washindani wake. Sasa homa ilikuja na kuondoka, na daktari wa zahanati, baada ya kutazama picha ya tumbo, alisema huenda ni saratani.

Alijikaza, akagawa vitambaa vya wateja kwa mafundi wenzake. Dada yake mdogo, ambaye machozi yake yako karibu siku zote, alilia kwa niaba ya wote wawili, kisha akamkokota mzobemzobe hadi kwa daktari aliyempasua.

Daktari alilisoma jalada la zamani. Siku ile ya upasuaji, akakiri, mfuko wa nyongo ulipasuka alipokuwa akiubandua kwenye ini, na vijiwe vikamwagika tumboni. Aliokota alivyoviona, akasafisha kwa maji, akaandika yote kwenye jalada. Huenda kimoja kilibaki, kikafanya usaha.

"Uliandika," fundi akasema. "Mimi uliniambia?"

"Hapana, mama. Nilikukuta unacheka, nikaona nisikuharibie siku. Nilikosea."

Hasira ilimpanda. Yeye akiharibu kitambaa cha mteja humwambia siku hiyohiyo, hata kwa kutukanwa, na matusi ameyala mengi. Wiki tatu amelala na kifo kitanda kimoja, kumbe jibu lilikuwa kabatini! Dada mtu alitaka watafute hospitali nyingine. Lakini huyu daktari hakumtupia nesi lawama wala hakujificha nyuma ya maneno makubwa. Fundi akamuuliza kama safari hii atamwambia atakachokikuta, hata kikiwa kibaya.

"Utajua wewe kabla ya mtu mwingine yeyote."

Akatia saini fomu ya kupasuliwa tena.

Kijiwe kilitoka, kidogo kuliko punje ya mahindi, pamoja na usaha wake. Kipande cha nyama kilipelekwa maabara, na kwa siku tatu fundi alihesabu vigae vya dari.

Siku ya nne daktari aliingia akihema, bahasha mkononi. Fundi alijaribu kumsoma usoni, akashindwa.

"Si saratani, mama," akasema kabla hajafika kitandani. "Hata nesi bado hajui."