Mto Chini ya Meza

Bi Kifungu alikuwa akigawa nakala za rasimu, moja mbele ya kila kiti, alipohisi viatu vimelowa. Akainama. Mto ulikuwa umeshaingia chumba cha mikutano na kutulia chini ya meza, mwekundu, ukiusukumasukuma waya wa projekta.

"Umepanda kwa ngazi," alisema mfagizi, akiwa mlangoni na tambara lake. "Nikaufungulia. Ningefanyaje, na unagonga?"

Taasisi ile iliishauri serikali kuhusu sera za mazingira. Bi Kifungu aliingia pale akiwa msaidizi wa utafiti, na jina hilo walimpa wenzake kwa utani, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alipigania kifungu kimoja tu: kile cha kukizuia kiwanda cha nguo kumwaga maji ya rangi mtoni. Ukishapita kiwandani, mto ulipita kwenye bustani ya mboga ya mama yake, ambaye hakuwa na maji mengine. Vidole vya mama viligeuka rangi ya kitambaa kilichotengenezwa kiwandani wiki hiyo.

Wajumbe walifika, wakakunja suruali, wakapakata mikoba.

"Mdau mkuu amekuja mwenyewe," alisema mkurugenzi kwa adabu. "Karibu sana. Tunaomba tu usilowanishe soketi."

Mto ukasogea mbali na ukuta.

Utaratibu wao ulikuwa huu: rasimu husomwa kwa sauti, na asiyeridhika na neno hugonga meza kwa kalamu. Neno lililogongwa hutoka. Bi Kifungu aliwahi kuleta picha, maji kwenye chupa, hata daktari wa ngozi, na kalamu ziligonga vilevile. Leo alisoma bila wasiwasi. Nani angegonga na miguu yake imo mtoni?

"Kiwanda kinapigwa marufuku..."

Ko. Aliyegonga alikuwa mwakilishi wa wenye viwanda, ambaye soksi zake nyeupe zilikuwa zimeshageuka waridi.

"Marufuku inatisha wawekezaji, dada yangu. Weka 'kitahimizwa'."

"Soksi zako, kaka."

"Nimeziona. Zimependeza."

Watu wakacheka. Ko, likatoka neno jingine. Ko, na jingine. Kila kalamu ilipogonga, mto ulitulia kama mtu anayejaribu kukumbuka amesahau nini. Bi Kifungu akajikuta amesahau hasira. Alitaka tu kujua utafanya nini. Alidhani utafurika. Haukufurika. Uliizunguka meza polepole, ukampitia kila mjumbe vifundoni, ukarudi miguuni kwake, ukakaa.

Jioni kifungu kilipita: kiwanda kitahimizwa, inapowezekana, kuujali mto. Wajumbe wakampa mkono wa pongezi, wakaenda kukamua soksi.

Tangu hapo mto ulihudhuria kila kikao, na kule bustanini haukupungua. Ulikuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Zulia likang'olewa, vikawekwa vigae. Bi Kifungu akapandishwa cheo kuwa mkuu wa ushirikishwaji wa wadau, maana hakuna taasisi nyingine iliyokuwa na mdau wa aina hiyo, akapewa ofisi yenye mlango. Asubuhi mto ulimngoja humo, chini ya meza yake. Na kwa kuwa taasisi ilikuwa jirani na kiwanda, rangi ilifika hapo kabla ya kufika bustanini.

Mama alipiga simu kila siku.

"Umeshafika kazini, mwanangu?"

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, chungulia."

Bi Kifungu akainama. "Bado mweupe. Ngoja... hapana, inaingia buluu."

"Ile ya jana?"

"Imekolea kuliko ya jana."

"Basi acha niwahi kuteka."

Mama hakukata simu. Bi Kifungu alisikia ndoo ikigonga ndoo, halafu nyayo zikikimbia kuelekea majini. Akainua miguu, akaiweka juu ya droo, akafungua rasimu mpya.