Indiketa ya Kushoto

Gari dogo la plastiki lilishapita kivuko kabla Mzee Mbwana hajafungua kinywa. Kidole chake kilikuwa bado juu ya paa la gari. Mezani palikuwa na mji wetu wa kufundishia: barabara za rangi nyeusi, mistari myeupe ya kivuko, na lori la mbao nililokuwa nimelisimamisha hapo na kusema, "Lori limewasha indiketa ya kushoto. Unafanyaje?"

"Nasimama nyuma yake," alisema.

Jibu lilikuwa sahihi. Sote wawili tuliangalia gari lilipo.

Wakati ule nilikuwa nafundisha darasa la marejeo katika chuo cha udereva huko Kimara. Mbwana aliletwa na shule moja ya Kawe, aliyokuwa akiiendeshea basi la wanafunzi. Kabla ya hapo aliendesha mabasi ya mikoani kwa miaka mingi kuliko umri wangu, na huko lori la mbele likikuwashia kushoto maana yake ni moja: kweupe, pita. Asubuhi moja, karibu na chuo chetu, lori liliwasha kushoto naye akapita. Kumbe lilikuwa linasimama kupisha watu. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi aliruka nyuma. Hakuumia mtu. Trafiki akamwandikia Mbwana.

Faini aliilipa siku ileile. Ila shule ilikuwa na utaratibu wake: kosa la tatu unaliacha basi, isipokuwa ukifaulu darasa. Hilo lilikuwa la tatu.

Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mwalimu, cheti chako kinafuta kosa?"

"Hakifuti. Kwa polisi linabaki kwenye kumbukumbu zao. Kinachobadilika ni namna shule yako itakavyolihesabu."

"Kumbe mie nawasomea wawili, shule na polisi, na mmoja kiziwi!"

Darasa zima likacheka. Alisoma vizuri kuliko wote waliocheka, mpaka siku ya mtihani, lilipobaki swali lile la lori, la mwisho, mimi na yeye tu mezani.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Mdomo umeshajifunza. Mkono ndio bado uko njia ya Dodoma." Alilirudisha gari nyuma ya lori, taratibu. "Mwanangu, si umeuliza, na mie si nimejibu? Andika hilo. Lile basi ndilo linalotulisha, mie na wajukuu."

"Usukani haushikwi kwa mdomo, mzee."

Niliandika kwamba hajafaulu. Alivaa kofia yake, akatoka bila kuaga.

Nilidhani sitamwona tena. Wiki chache baadaye alisimama mlangoni, kamshika mkono mwanamume wa makamo aliyekuwa anatabasamu kama mtu aliyeburutwa kwenye utani.

"Huyu anaitwa Gibson," Mbwana alisema. "Ndiye aliyepewa basi. Katokea mabasi ya Mbeya, na rekodi yake safi, hajawahi kuandikiwa hata mara moja."

Akamsukuma ndani.

"Muulize la lori."