Barua ya Kujitoa

Ininahazwe alikuwa mkalimani katika ofisi moja ya wakimbizi, Kigoma mjini. Mwaka 2001 alikuwa akisoma kwa posta shahada mbili za uzamili kwa wakati mmoja, ualimu na sheria. Kaka yake Egide, mwalimu wa kambini aliyemlea baada ya wazazi wao kuuawa Burundi, hakuutaka mpango huo hata kidogo. Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, aliomba kibali cha kutoka kambini, akaja Ujiji alikopanga Ininahazwe na kuyasoma akiwa amesimama mlangoni.

"C, C, B, C. Nani atampa ufadhili wa Ulaya mtu wa C? Acha sheria, upate A kwenye ualimu."

"Ualimu umekupa nini, kaka? Unafundisha chini ya turubai, unalipwa unga. Nikiwa na zote mbili, mlango mmoja ukifungwa, ninagonga wa pili."

"Mshika mbili moja humponyoka."

"Basi iniponyoke mimi, si wewe."

"Nimekulea kwa uji wa kuombaomba!"

"Ulinilea. Hukuninunua."

Egide aliondoka bila kuaga.

Mwezi uliofuata chuo kilimwandikia Ininahazwe: ombi lake la kujitoa katika sheria limekubaliwa. Hakuwa ameomba kitu. Alipiga simu, akatumiwa nakala ya ombi hilo. Jina lilikuwa lake, sahihi ilifanana na yake, lakini mwandiko aliujua. Ndio uliomfundisha kusoma.

Alipanda gari la Kasulu hadi kambini, akamkuta Egide darasani. Wanafunzi wakasikia yote.

"Umeghushi jina langu!"

"Nimekuokoa. Utanishukuru."

Alipolalamika, chuo kilimjibu Ininahazwe kwamba angeweza kurudi kwenye sheria baada tu ya kumaliza ualimu. Akasoma kwa hasira, na hasira ile ikamletea A tupu. Egide alipopata habari alialika jamaa zao huko Mwandiga, akanunua soda. Ininahazwe alikwenda, akawaeleza wote kilichotokea.

Egide hakukana. "Si umefaulu?"

Swali hilo lilimchoma kuliko ile barua. Alitoka, soda yake haijafunguliwa. Hakuomba ufadhili wa Ulaya. Alianza sheria upya, peke yake, na kwa miaka miwili hawakusemezana.

Mwaka 2004 Warundi wengi walijiandikisha kurudi kwao. Asubuhi moja Egide alifika kwenye meza ya uandikishaji ya Ininahazwe, ameshika kadi yake ya ukimbizi. Alimsalimu kwa Kirundi, naye akajibu kwa Kiswahili, kama anavyojibiwa mgeni. Akamuuliza maswali ya fomu, moja baada ya jingine.

"Una ndugu anayebaki Tanzania?"

Egide aliweka kadi mezani. "Sina."

Ininahazwe aliandika hivyo hivyo, akagonga muhuri, akamwita anayefuata.