Kilo Hamsini na Mbili

Fundi alilipunguzia gari la mbio la shemeji yake kila alichoweza: zulia, redio, viti vya nyuma, na mwisho kiti cha abiria. Hata hivyo, kila alipolipima, upande wa kushoto ulizidi kwa kilo hamsini na mbili. Akaitukana mizani, akaazima nyingine. Mambo yaleyale.

"Shemeji, huku kumebaki nini?"

"Dada yako alikuwa na kilo hamsini na mbili," shemeji akajibu bila kumtazama.

Fundi akatazama mahali kiti cha abiria kilipokuwa. Kabla ya ajali iliyomuua dada yake ndani ya gari hilohilo, yeye ndiye aliyeung'oa mkanda wa abiria, eti kupunguza uzito.

Alikirudisha kiti, akatia mkanda mpya, akaufunga. Haukulala kitini, ulibaki umetuna, kama umepita kifuani mwa mtu.